Nimehamia Mtwara na sina mtu: je, timu ya netiboli itanipa watu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, nina miaka 37. Nimehamia Mtwara kikazi na huu ni mwezi wa nane. Naishi Shangani peke yangu. Watu wa hapa ni wema, kila nikipita nasalimiwa, lakini nikifunga mlango jioni ndiyo basi hadi asubuhi. Mwezi uliopita nilishikwa na homa usiku, nikapitia majina yote kwenye simu, sikuona hata moja la kupiga hapa mjini. Shuleni nilicheza netiboli. Kazini wameniambia kuna timu ya akina mama inafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi karibu na kwetu. Nasita. Umri umeenda, Kiswahili changu kinawachekesha, na sijui kama mgeni anaweza kuingia timu ya watu wanaojuana tangu utoto. Je, kweli timu ya mazoezi inaweza kunipatia watu, au nitaambulia jasho tu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Homa ina dawa zake. Kule kupitia majina kwenye simu bila kuona la kupiga ndiko kulikokuumiza, na sehemu hiyo ya barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu naijua.

Nianze na jibu lenyewe: ndiyo, timu inaweza kukupatia watu. Nimefundisha netiboli hapa Mtwara, shuleni na mitaani, zaidi ya miaka 25. Nimewaona walimu waliopangiwa kazi kutoka Kagera, wauguzi waliotoka Mbeya, wake za askari waliohamishiwa huku, wanaingia uwanjani hawajui mtu, na mwaka ukigeuka wachezaji wenzao ndio wanaowasimamia harusi. Nimewaona pia waliokaa nasi miezi sita wakaondoka kama walivyokuja, na baadhi yao walikuwa na mikono mizuri kuliko sisi wote. Waliopata watu ni wale walioshika zile kazi ndogo zinazouzunguka mpira: kusimika nguzo, kuchota maji, kufua jezi, kukaa mkekani msibani. Sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya hizo.

Mwaka 2009 nilimfuata mume wangu Pemba. Nasema Pemba ya Msumbiji, mji wa Cabo Delgado, siyo kisiwa chetu. Ni ng'ambo tu ya Ruvuma, na Kimakonde changu kilinitosha sokoni, lakini mtaani kwetu walizungumza Kireno na mimi Kireno sikujua zaidi ya salamu. Nilitafuta netiboli nikaikosa. Kule wanawake wanacheza mpira wa kikapu, na wanaucheza kwelikweli: mwaka 2013 timu yao ya taifa ilifika fainali ya Afrika palepale Maputo, ikafungwa na Angola, na mwaka uliofuata ikaenda Kombe la Dunia nchini Uturuki. Basi nikaenda kwenye kikapu, umri wangu ukiwa karibu na wako sasa.

Unajua netiboli inavyokulea. Ukidaka mpira unasimama, hutembei nao, una sekunde tatu za kuutoa mkononi. Mwili wangu ulikuwa umeishika sheria hiyo tangu nikiwa mtoto. Kila nikipewa mpira nasimama kama mlingoti, wenzangu wanapiga kelele "Corre! Corre!", yaani kimbia, na mimi nimeganda natafuta wa kumpa. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilirudi nyumbani nimeapa sitaonekana tena pale. Jumanne iliyofuata nikarudi, kwa sababu nyumbani nako hakukuwa na la kufanya.

Wiki ya sita, mazoezi yalipokwisha, nahodha alichukua kiroba cha jezi akakiweka miguuni kwangu. Akaniambia kwa Kimakonde, ili nielewe vizuri, kwamba wiki hii ni zamu yangu. Zilikuwa jezi kumi na moja, zimelowa jasho na vumbi jekundu. Nilizifua usiku uleule kwenye beseni, maji yakawa rangi ya chai, nikabadilisha mara tatu. Wakati wa kuanika nikaona namba 9 imebanduka upande mmoja, nikachukua sindano nikaishona. Jumamosi mwenye jezi ile aliipapasa namba yake, akaniangalia, hakusema kitu. Jumapili alikuja kwangu na mihogo kwenye kapu, akakaa mpaka magharibi, tukiongea nusu kwa maneno na nusu kwa mikono. Malaria iliponishika mwezi uliofuata, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. Hadi leo tunapigiana simu.

Kwa hiyo unaponiuliza kama mgeni anaweza kuingia, nakuambia aingie kwa upande wa kiroba cha jezi.

Sasa suala la muda, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliwachunguza watu wazima 355 waliokuwa wamehama makazi katika miezi sita iliyotangulia, na utafiti wake ukatoka mwaka 2018. Aliona kwamba kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida huchukua saa 50 hivi za kuwa pamoja, hadi rafiki hasa ni saa 90 hivi, na rafiki wa ndani ni zaidi ya saa 200. Akaona jambo jingine linalokuhusu moja kwa moja: saa za kuwa kazini pamoja hazikuwa na uzito sawa na saa za kupumzika, kula na kucheza pamoja. Wewe na wenzako wa ofisini mmekaa pamoja zaidi ya saa elfu moja ndani ya miezi hii minane, na usiku wa homa hukuona jina la kupiga. Usijilaumu, wala usiwalaumu wao. Saa zile zilikuwa za mwajiri.

Ipigie hesabu timu yako. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, ni saa tatu. Ongeza nusu saa ya kukaa chini kila siku mkinywa maji na kuongea, zinakuwa saa nne kwa wiki. Saa 50 unazifikisha wiki ya kumi na tatu, na saa 200 karibu mwaka mzima. Ukiondoka filimbi ya mwisho inapolia, unapoteza ile nusu saa yenye uzito kuliko zote. Ndiyo maana nawaambia wageni wangu: ukiwa na haraka siku hiyo, afadhali uchelewe kufika kuliko uwahi kuondoka.

Na katika michezo yote ya timu, mimi naona netiboli inamfaa mgeni kupita mingine. Nasema kama mtu anayeipenda, lakini zitazame sheria zenyewe. Kwenye mpira wa miguu wa mchangani mgeni anaweza kukimbia mechi nzima asipewe hata pasi moja, na hakuna atakayeona. Netiboli ina watu saba tu, na kila mmoja amefungiwa eneo lake. Mpira haukokotwi. Haurushwi ukavuka theluthi nzima ya uwanja bila kuguswa na mtu. Ukiwa na mpira, anayekulinda lazima akae sentimita 90 kutoka kwako, kwa hiyo hupigwi vikumbo. Kufunga wanafunga wawili tu, GS na GA, na mpira hauwafikii mpaka upite mikono ya wengine. Wakikupanga WD, yaani mlinzi wa pembeni, hata wasipokupenda bado watakuhitaji kabla robo ya kwanza haijaisha. Na wakikuhitaji lazima wakuite. Watakuita kwa jina gani? Hapo ndipo wanapoanza kukupa jina.

Usikubali kupangwa C, yaani mchezaji wa kati, kwa miezi miwili ya mwanzo hata wakikusifia. C anazunguka uwanja wote isipokuwa ndani ya nusu duara za kufungia, na wewe pumzi zako ni za ofisini. Kuhusu mwili nakuusia mambo mawili tu. Kinachoumia zaidi kwenye netiboli ni kifundo cha mguu na goti, kwa sababu tunaruka, tunadaka na kusimama ghafla. Jizoeshe kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa. Na vaa raba nzuri. Utawaona wenzako wengine wanacheza peku kwenye mchanga, lakini nyayo zao zimezoea mchanga huo tangu wadogo. Miaka 37 si kitu. Kwenye timu nyingi za mitaa hapa walinzi wanaotegemewa wamepita 40.

Sasa nikuambie jambo ninaloliogopa kwako, na nitalisema wazi kwa sababu limewaharibia wageni wengi wenye moyo mzuri. Wewe una ajira, una mshahara, umetoka nje ya nchi. Utaiona timu ina mpira mmoja uliochubuka na jezi za rangi mbili, na moyo utakutuma ununue seti nzima. Usinunue. Angalau mwaka wa kwanza, usinunue.

Nilikuwa na mgeni mmoja kwenye timu niliyoifundisha. Wiki ya tatu alileta jezi mpya na mipira miwili. Furaha ilikuwa kubwa, tukapiga vigelegele. Bonanza lilipofika viongozi wakamtayarishia kiti chini ya turubai, wakamfunika mabegani kwa khanga mpya, wakampa soda na kumtangaza mgeni rasmi. Alikuwa amekuja na raba zake kwenye begi, tayari kucheza. Akakaa pale mpaka jioni akipiga makofi. Baada ya siku ile kila aliyemsogelea alikuwa na ombi: ada ya mtoto, nauli, mtaji wa kukaangia samaki. Wenzake hawakuwa watu wabaya. Mfadhili ndivyo anavyofuatwa. Kumrushia mpira kwa nguvu, kumfokea akikosea, kumpa jezi afue, hakuna aliyethubutu tena. Alipohama tulimwandalia sherehe nzuri sana, na sidhani kama kuna aliyejua anapenda kula nini.

Toa kile wanachotoa wengine. Ukiambiwa mchango wa maji na chokaa ya kuchorea uwanja ni shilingi elfu moja, toa elfu moja. Ukitaka kuongeza, ongeza kazi. Njoo na ndimu, zikate, zigawe. Baba wa mchezaji akifariki, toa rambirambi ileile iliyopangwa, halafu nenda msibani mwenyewe. Jifunge khanga, vua viatu, kaa mkekani na akina mama, usiende kukaa kwenye viti pamoja na watu wa ofisini. Wakileta sinia la mchele wa kuchambua, sogea uchambue. Kwa uzoefu wangu msiba mmoja wa namna hiyo unakuingiza ndani ya watu kuliko mechi kumi. Na ukifika msimu wa jando na unyago utasikia michango ya khanga na vyakula. Changia unapoambiwa, nenda unapoalikwa, na mahali usipoalikwa usihoji. Yapo mambo ambayo hata mimi mwenyeji nasubiri kuitwa.

Utasikia pia neno "mchezo" likitajwa kwa maana nyingine: wanawake kumi au kumi na watano wanachanga kila wiki, anapewa mmoja, kwa zamu. Kwenu mnaita chama. Usije ukauliza, "Ninyi mna chama?", maana hapa watadhani unawauliza habari za siasa. Mchezo usiuingie haraka. Subiri umjue anayeshika daftari.

Kuhusu Kiswahili chako, wacha wacheke, mdogo wangu. Nakusihi hilo kwa dhati. Mtu anayechekwa waziwazi hapa Kusini ameshaanza kuingia ndani, anayeogopewa hachekwi. Ila rekebisha mawili, kwa sababu hayo hayachekeshi, yanakwaza kimyakimya. La kwanza ni kuomba. Nakuru ukisema "nipe maji" hujamkosea mtu. Hapa sema "naomba maji". La pili ni shikamoo. Waamkie waliokuzidi, wote, mmoja mmoja, kabla ya kufunga kamba za viatu, hata kama anayefuata kwenye mstari ni GK wenu, mlinzi wa goli, ambaye dakika tano baadaye utamfokea kwamba ameachia mtu. Uwanjani tunafokeana, hiyo ni kawaida na hakuna anayeibeba nyumbani. Lakini aliyefokewa bila kuamkiwa anaibeba.

Watakuuliza wewe ni Simba au Yanga. Ukiwa bado hujachagua, sema wewe ni wa Kusini, unashabikia Namungo ya Ruangwa. Watakuzomea na kukupenda kwa pamoja, na wazee watakusimulia jinsi uwanja wa Nangwanda Sijaona ulivyofurika timu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014. Wasikilize mpaka mwisho.

Mazoezi ya akina mama huku yanaanza baada ya swala ya alasiri na yanakwisha kabla ya magharibi. Jua letu linawahi. Mwezi wa sita, saa kumi na mbili na dakika chache limeshapotea nyuma ya minazi, na wengi wana watoto na jiko vinavyowasubiri. Mfungo wa Ramadhani timu nyingi hupumzika. Wewe usipotee mwezi huo. Utaalikwa futari, nenda, na siku moja waalike na wewe hata kama ni uji na mihogo. Kwenye mavazi, vaa taiti chini ya sketi, na njiani jifunge khanga kiunoni au jitupie dira. Hakuna atakayekuamuru, lakini utaona ndivyo wenzako wanavyofanya.

Lazima niseme pia kwamba si kila timu itakufaa. Zipo timu zinazokutana kwa bonanza tu, wiki moja kabla wanasaka mamluki kutoka mitaa mingine, kombe likichukuliwa kila mtu na njia yake. Ukiwa na mikono mizuri watakutumia vizuri na baada ya hapo usiwaone. Tafuta timu yenye siku zake maalumu, inayokaa chini baada ya mazoezi, na yenye mtu anayeuliza, "Mbona fulani leo hayupo?" Sentensi hiyo isikilize kwa makini siku zako mbili za mwanzo. Ukiisikia, baki. Na wewe ukipata dharura, toa taarifa mapema kwamba hutakuja, ili siku utakayokosa bila taarifa wajue kuna jambo.

Ikitokea hapo pana mamluki tu, vipo vikundi vya jogging vya Jumamosi alfajiri, na mwajiri wako akiwa anapeleka timu kwenye SHIMUTA, ile michezo ya mashirika na makampuni, jiandikishe hata kwenye kuvuta kamba. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia 12: waliofanya mazoezi pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipofanya peke yao, ingawa kazi ilikuwa ileile. Watu 12 ni wachache, lakini ukishawaona wavuvi wa Msangamkuu wakivuta nyavu kwa wimbo mmoja hutashangaa. Wakenya wenzako nao watafute, mpike ugali mnavyopenda Jumapili. Ila wao nao ni wageni, na mikataba yao inaisha kama wako.

Turudi kwenye ule usiku wa homa. Usisubiri urafiki wa ndani ukomae ndipo upate namba ya kupiga. Wiki ya nne au ya tano, mchague mtu mmoja anayekaa karibu na kwako, mwambie ukweli kama ulivyoniandikia: "Dada, mimi hapa sina ndugu. Nikiugua usiku naweza kukupigia?" Huku hilo ni ombi la heshima, unamwambia kwamba umemwona ni mtu. Atakuuliza nyumba yako iko wapi hasa, na pengine kesho yake atapita kuiangalia ili asihangaike gizani siku ya kukupeleka hospitali ya Ligula. Mkaribishe ndani, mpe maji, muoneshe mlango wa nyuma.

Jumanne ukienda, fika saa kumi na robo, kabla nguzo hazijasimikwa. Ni za chuma na zina uzito, urefu wake mita tatu na kidogo, na wanaozibeba huwa wawili, na kila wakati hawatoshi. Wewe amkia, weka begi lako pembeni, shika ncha moja.